Mdudu Mmoja wa Huruma

Katika hospitali ile hapakuwa na saa ya ukutani. Iliyokuwapo ilisimama siku ambayo hakuna anayeikumbuka, na mahali pake pakatundikwa kipimajoto kirefu kama fimbo ya mchungaji, chenye zebaki iliyopanda na kushuka kufuata joto la wagonjwa wote kwa pamoja. Watu wakazoea. Walisema tukutane thelathini na nane, chai inanywewa thelathini na saba na nusu, na ikifika arobaini kila mtu alikimbia hata kama hakujua anakimbilia wapi. Siku ya pale haikuwa na asubuhi wala jioni, ilikuwa na kupanda na kushuka tu. Iliweza kwisha kabla haijaanza, na iliweza kubaki juu juma zima.

Nyamizi alikuwa msomaji wa damu hapo. Alikaa kwenye kiti kisicho na mgongo, jicho la kulia kwenye darubini, na kwa hesabu ya watu wa nje ya lango alikuwa amekaa hivyo miaka ishirini na miwili. Jicho lile la kulia lilikuwa limezeeka kuliko la kushoto. Kwa la kushoto alimwona mumewe, binti yake, mvua, maua ya maboga. Kwa la kulia aliona damu za watu zilizopakwa kwenye vioo na kutiwa rangi ya zambarau, na ndani ya damu hizo alitafuta pete. Maana malaria, kwa anayeijua, ni pete ndogo yenye kito kimoja chekundu, imekaa ndani ya chembe ya damu kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.

Daftari la hospitali lililetwa kutoka kwa wakubwa likiwa limeshapigwa chapa. Safu ya kwanza ilikuwa ya namba ya mgonjwa, ya pili ya joto lake, ya tatu ya Jina la homa. Katika safu hiyo ya tatu kila mstari ulikuwa umeandikwa malaria tangu kiwandani. Kazi ya Nyamizi ilikuwa kujaza pembeni tu: wadudu wangapi. Stoo nayo ilijaa dawa za Jina hilo hadi darini. Si kwamba malaria haikuwapo. Ilikuwapo, tena ilikuwa na ubavu, na siku nyingine Nyamizi aliziona pete nyingi hadi akaona haya kuzihesabu. Lakini wakubwa walikuwa wamefikiri mbali zaidi ya hapo. Nchi yenye homa moja hutawalika kwa urahisi kuliko nchi yenye homa ishirini. Asiyejua huuliza, na anayeuliza huwachelewesha wenzake. Kwa hiyo neno sijui halikupewa safu.

Aliyeingia pale aliacha jina lake langoni, likatundikwa kwenye msumari, akapewa namba. Jina angerudishiwa siku ya kutoka. Lakini watu waliolala muda mrefu chini ya Jina moja walianza kufanana: macho yaleyale mekundu, midomo ileile iliyobabuka, shuka zilezile za kijani zilizofuliwa mpaka zikawa za majivu. Jamaa walikuja kuwachukua wagonjwa wao wakasita mbele ya vitanda. Wapo, husemwa, waliorudi nyumbani na mume wa mwingine, wakamzoea, na kwa baadhi yao ndoa ikawa tamu kuliko awali.

Kazi Nyamizi alifundishwa na Mzee Luhende, ambaye sasa ni marehemu, mtu mpole aliyekuwa akipangusa lenzi kwa pindo la shati. Katika juma lake la kwanza Nyamizi alisoma kioo cha mwanamke aliyeletwa kwa machela, akatafuta hadi machozi yakamtoka, akamwambia mzee kwamba hakuona kitu. Mzee Luhende alivuta kiti karibu. Alimweleza kwamba mwanamke yule amebebwa siku mbili anatetemeka, na ndugu zake wamekaa pale nje wanasubiri. Ukiwaambia hakuna kitu, watasikia kwamba unamwita mgonjwa wao mwongo. Na daktari naye ukimpa kioo kitupu, atashika kalamu hewani kama mtu aliyesahau jina lake.

"Mpe mmoja, mwanangu," alisema. "Mdudu mmoja hamuui mtu. Mtu huuliwa na kurudi kitandani mikono mitupu."

Nyamizi akampa mmoja. Mwanamke yule alipata dawa, akapona, kwa dawa ile au kwa sababu zake mwenyewe. Tangu hapo, kila kioo kitupu cha mtu aliyeungua kilipata mdudu mmoja. Waliokuwa ndani ya maabara walimwita mdudu wa huruma, wakacheka kidogo, wakaendelea na chai. Hakuna aliyemhesabu kuwa uongo. Uongo ni kumnyima mtu, nao walikuwa wanatoa.

*

Siku ninayoisimulia ilianza thelathini na tisa, maana yake ilianza vibaya. Vioo vililetwa kwenye trei, hamsini na kitu. Nyamizi alivisoma kwa mpangilio, jicho kwenye lenzi, mkono ukiandika peke yake kama mkono wa mtu anayemenya viazi. Kioo cha thelathini na moja kilikuwa kitupu. Alikizungusha mara mbili tatu, akaona kwamba joto lililoandikwa ni arobaini kasoro nukta, akaandika: mmoja. Akashika cha thelathini na mbili.

Zebaki iliposhuka kidogo alikwenda wodini kudai vioo vilivyotumika, kazi ambayo hakuipenda kwa sababu ya zile nyuso zinazofanana. Alipita katikati ya vitanda akitazama sakafu. Kwenye kitanda cha dirishani mtu mmoja alisema, kwa sauti ya anayelalamikia chakula kilichopoa, "Mama Limi, umechelewa."

Aligeuka. Uso ulikuwa wa kila mtu. Lakini hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo kwa kuvuta ile i ya mwisho kama anavuta ndoo kutoka kisimani. Alikuwa Malugu, mumewe. Siku kumi zilizopita aliondoka nyumbani kwenda na wenzake kufukua mfereji wa mashamba ya mpunga uliozibwa na mafuriko. Nyamizi alidhani yuko huko bado. Wenzake walikuwa wamembeba akiwa hajitambui, wakamwacha langoni, wakarudi haraka kwa sababu maji hayamsubiri mtu. Jina lake lilikuwa kwenye msumari. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye chuma cha kitanda: thelathini na moja.

Alimuuliza anajisikiaje. Malugu akajibu kwamba anajisikia kama mtu aliyekanyagwa na mtu anayemfahamu. Akauliza kama kuku wamelishwa. Kisha akafunga macho, na Nyamizi akasimama pale na vioo vyake mkononi, akisema moyoni kwamba mumewe amepata dawa, amepewa, na kila mtu pale amepewa.

Zebaki ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Kwa nje zilikuwa siku tatu. Malugu alimeza vidonge vyote na homa ikavidharau. Vigimbi vyake vilimuuma hadi shuka ikawa mzigo. Weupe wa macho yake ukageuka rangi ya ganda la limau. Mkojo ulikuwa mchache, mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, kisha ukazidi kuwa mchache. Muuguzi wa wodi, Sista Perpetua, mama mnene asiyeficha kitu, alimwambia Nyamizi kwamba malaria ya mumewe ina kichwa kigumu, pengine imesoma. Alisema hivyo kumchekesha. Nyamizi alicheka.

Wakati huo hospitali ilikuwa imepata daktari mpya, Daktari Kabula, binti mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye hakuwa amekaa pale muda wa kutosha kuzifananisha nyuso. Alikuwa na tabia iliyowakera watu: alisimama. Wengine walipita vitandani kama upepo wa mlangoni, yeye alisimama. Alikuja maabara, akasimama na huko pia, akamwamkia Nyamizi kama mdogo mtu, kisha akauliza kwa upole.

"Dada, huyu wa thelathini na moja. Yule mdudu ulimwona wewe mwenyewe?"

Swali lilikuwa dogo. Mtu angelijibu huku akipenga kamasi. Nyamizi aliona midomo yake ikifunguka, akajua kwamba inakwenda kusema ukweli, akasikia imesema, "Nilimwona."

"Basi dawa ingepaswa kuishusha homa," alisema daktari. Akatazama chini, akashukuru, akaondoka. Pale mlangoni alisita kidogo kama mtu aliyesahau mwavuli, lakini hakurudi.

*

Nilimwona.

Nani alimwona? Mimi. Kwa jicho gani? Hili. Wakati gani? Sikuona. Basi kwa nini umesema umeona? Kwa sababu nimesema tangu zamani. Kwa sababu nikimtoa huyu mmoja, wote waliomshika mkono watatoka naye, mstari mrefu, mwanamke wa machela mbele na wengine nyuma yake, hadi nje ya lango, hadi makaburini, na kila aliyekufa atageuka aniulize alikufa kwa homa gani. Nitajibu nini? Nitajibu sijui? Hakuna safu. Nitawaandika wapi?

Hivyo ndivyo Nyamizi alivyojisemea, na miguu haikutulia chini ya meza. Alisimama, akakaa. Alifungua dirisha, akalifunga. Kisha likamjia wazo ambalo lingeweza kumjia msomaji wa damu tu, na hata miongoni mwao yule tu aliyezoea kutoa. Aliona kwamba hana haja ya kukiri. Angeweza kukitafuta kile kioo cha thelathini na moja, akakisoma upya, polepole, kila pembe, akampata mdudu. Mdudu mmoja tu. Damu ya mtu ni pana. Nani aliyesema hayumo? Akimwona, basi alikuwa amemwona tangu mwanzo, na neno lake halitakuwa uongo ila ukweli uliotangulia ushahidi.

Alikipata. Akakitia tone la mafuta, akainama.

Sasa, atakayesoma hapa aniwie radhi, kwa sababu sijui nisemeje ilivyokuwa. Mtu akitazama kwa muda mrefu kitu kisichokuwamo, kitu hicho humpisha aingie. Nyamizi aliingia kwenye damu ya mumewe kama mtu anayeingia ua uliofagiwa. Palikuwa safi. Chembe zilikuwa zimelala moja moja, zambarau hafifu, kama vigae vya chungu cha arusi. Alitembea kutoka kushoto kwenda kulia, akashuka mstari, akarudi kulia kwenda kushoto, jinsi watu wa mpunga wanavyopanda. Alimkuta Malugu kijana, amevaa shati la kuazima, anamwambia baba mkwe kwamba hana ng'ombe wa kutosha ila ana mgongo. Akampita. Huyo hakuwa mdudu. Alimkuta Malugu anamfundisha Limi kupiga mluzi, na mtoto anatoa mate tu. Akampita. Alimkuta Malugu amekaa kitako mlangoni baada ya mazishi ya mama yake, anasuka kamba ambayo hakuna aliyeihitaji, akaisuka hadi ikafika barabarani. Alitaka kukaa naye pale. Akampita, maana alikuwa akitafuta kitu kingine, na kila alichokiona kilikuwa kinamkera kwa kuwa siyo pete.

Palikuwa na maji pia. Mbali, chini kabisa ya kioo, palikuwa na maji yaliyosimama, ya rangi ya udongo, na Malugu ndani yake hadi kifuani, ameshika koleo. Akampungia. Nyamizi hakutazama maji. Yeye alikuwa msomaji wa damu, na maji hayakuwa kazi yake. Alipandisha kioo kwa skrubu, Malugu akazama kwenye ukungu.

Alipoinua kichwa, shingo ilikuwa imekauka. Alidhani ametafuta kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Zebaki ya ukutani ilipanda mara moja, ikashuka, na sasa ilikuwa inapanda mara ya pili. Siku nzima ya watu wa nje ilikuwa imepita. Kioo kilikuwa kitupu. Alikuwa ameutumia muda wa thamani kuliko wote kutafuta ushahidi wa kujitetea, na ushahidi haukuwamo.

Akakimbia.

*

Daktari Kabula alikuwa kwenye korido anaosha mikono. Nyamizi alimweleza pale pale, maji yakiendelea kumwagika.

"Sikuona kitu, daktari. Nilimwandika."

Daktari alifunga bomba. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza wangapi.

"Sijui," alisema Nyamizi, na neno lilitoka kinywani kama jino.

Daktari akafuta mikono kwenye koti, akamwambia amfuate, na njiani akamweleza, bila kumtazama, kwamba kwao chuoni walikuwa na mzee mmoja aliyewaambia homa haina uso, ina njia. Ukitaka kujua ni nani, usimtazame mgonjwa alipolala. Mrudishe alikotoka. Aliishi na wanyama gani, alikunywa nini, aliingia maji gani, aliumwa na nini, nani mwingine anaumwa kwao. Nyamizi alimsikia, akakumbuka yale maji chini ya kioo.

Walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda. Malugu alikuwa amefika mahali ambapo watu huchanganyika. Alimtazama Nyamizi akamwita mama, akamwomba msamaha kwa ndama aliyepotea miaka arobaini iliyopita. Alimtazama daktari akamwita Limi, akamuuliza kama mumewe anampiga. Daktari alijibu kwamba hampigi, baba. Akauliza mfereji ulikuwaje.

Malugu alisimulia vipande vipande. Mfereji ulikuwa na maji ya wiki tatu. Waliingia bila viatu, maana viatu vinanyonywa na tope. Yeye alikuwa na jeraha kwenye muundi, alijikata na mundu kabla, lakini akalifunga kwa kitambaa na mtu hawezi kuacha wenzake kwa ajili ya kidonda. Aliulizwa kuhusu wanyama. Akacheka mpaka akakohoa.

"Panya," alisema. "Panya wote wa ghala la mpunga wamehamia kwenye kingo, Mama Limi. Wanatukojolea vichwani kama sisi ndio wapangaji."

Daktari Kabula alibonyeza kigimbi chake kwa vidole viwili na Malugu akapiga yowe dogo. Akavuta kope akatazama ile manjano. Kisha akamwambia Nyamizi kwamba inaweza kuwa homa ya mgunda, ile inayotembea na mkojo wa panya, inaingilia kidonda, inakwenda kukaa kwenye ini na figo. Inaweza pia kuwa nyingine. Kipimo chake pale hakipo, na kupeleka damu huko kiliko ni majuma.

"Sijui, dada," alisema. "Lakini sindano haiwezi kungoja mpaka nijue."

Dawa ilikuwapo. Hilo ndilo lililomuuma Nyamizi baadaye kuliko yote. Haikuwa nchi za mbali, ilikuwa wodi ya vidonda, kabatini, hatua sitini. Sista Perpetua aliifuata mwenyewe, akakimbia kwa mwili wake wote, akarudi anahema na chupa nne kwenye mfuko wa aproni. Wakaweka dripu. Wakaweka kopo kando ya kitanda. Daktari alieleza kwamba sasa kila kitu kiko kwenye kopo: figo zikiamka, mkojo utakuja, na mkojo ukija mtu atakuja nyuma yake.

Nyamizi alilishika kopo lile kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kusubiri kitu chochote hivyo, hata mtoto. Alilitazama kutoka juu, akalitazama kutoka upande dhidi ya mwanga. Malugu alimuuliza anapika nini. Akasema anapika uji. Malugu akamwambia asiukoroge sana. Kilikuja kijiko kimoja, cheusi. Sista alisema ni mwanzo. Kisha hakikuja kitu. Kisha Malugu alisema kwamba maji yamefika shingoni na kwamba mwenzake ashike koleo, na aliyetajwa hakuwapo, kwa hiyo Nyamizi akalishika.

Alikufa mkono wake ukiwa wa baridi. Zebaki ya ukutani haikushuka hata unywele. Mtu mmoja akipoa, nyumba yenye wagonjwa mia mbili haihisi.

*

Kabla ya kufunika uso wake Nyamizi alimuuliza daktari kama angesema ukweli siku ile pale maabara, alipoulizwa, ingekuwaje. Alitaka ndiyo, ili ajilaumu apumzike. Au alitaka hapana. Daktari Kabula alikuwa na macho mekundu kama ya wagonjwa. Alisema hajui. Kisha akaona kwamba amelisema neno hilo mara mbili mbele ya mtu mmoja, akaweka mkono begani kwa Nyamizi, akauacha pale.

Karani wa vyeti, Bwana Sospeter, alikuja na fomu. Ilikuwa imepigwa chapa kama daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita Nyamizi shemeji, akampa pole, akasema mwili hautoki langoni bila Jina, na Jina limo tayari, asaini tu akazike. Nyamizi alishika kalamu. Watu wa msiba walikuwa wanasubiri nje, kaburi limechimbwa, jua linawaka. Ingekuwa rahisi. Malugu hangeudhika, Malugu hakuudhika na makaratasi maishani mwake. Lakini aliona kwamba akisaini, mumewe atakuwa amekufa kwa mdudu ambaye yeye mkewe alimchora, na kesho mtu atafungua daftari, ataona malaria imeua mmoja zaidi, atapeleka dawa ileile zaidi.

Alilikata neno lile kwa mstari. Juu yake akaandika, kwa herufi za mtu aliyesoma hadi kidato cha nne: homa ambayo hatukuijua, labda ya panya wa mferejini. Bwana Sospeter alishika kichwa. Alisema kwa haki kabisa, shemeji, hii haitapita langoni. Langoni askari alitazama kama kuna mhuri, akaona upo, akafungua.

Walipomaliza siku za msiba, Nyamizi alikwenda kwa mkuu wa hospitali akamweleza yote, ya Mzee Luhende, ya trei, ya miaka ishirini na miwili. Alikuwa amevaa nguo ya kwenda kufungwa. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho huku akinyoosha karatasi zilizokwisha nyooka. Akamuuliza kama alidhani wao hawakujua. Akampa pole nyingine, akamwambia aendelee na kazi, na akamsihi, kama mzazi, asilisimulie tena jambo hilo kwa sauti. Nyamizi alitoka ofisini bila adhabu, na kutembea bila adhabu kulimlemea kama kubeba mtungi usio na maji ndani, ambao huna unapoweza kuumwaga.

*

Thelathini na nane na nusu, inapanda. Trei ililetwa. Nyamizi alisoma. Kioo cha kwanza pete, akaandika pete. Cha pili pete. Cha tatu alikizungusha hadi mwisho, akaandika pembeni kwa mkono usiozoea: sikuona.

Mwenye kioo alikuwa mama wa makamo mwenye kanga mbili, Mama Holo, ambaye homa yake ilikuwa ya kwenda na kurudi mwezi wa pili sasa, na viungo vinauma kama vya mtu aliyelima bure. Aliletewa majibu dirishani. Aliyatazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

"Mara zote mbili nilipata mmoja hapa hapa."

Waliokuwa nyuma walianza kusogea. Kijana mmoja alisema darubini imekufa. Mwanamke mwingine, ambaye hakuona kwamba dirisha liko wazi, au aliona, alisema huyu kafiwa na mume, sasa anatubania hata wadudu. Watu wakacheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha foleni. Mama Holo hakucheka. Alisogeza uso karibu na nondo za dirisha, akashusha sauti kama anayeomba chumvi kwa jirani.

"Niandikie huyo huyo mmoja tu, mwanangu. Utapungukiwa nini?"

Nyamizi alihisi mkono wake unakwenda. Ulikuwa mkono mzuri, umetoa sana. Aliukamata kwa mwenzake. Kisha akaacha darubini, akafungua mlango ambao wasomaji wa damu hawautumii, akatoka nje kwenye jua na kukaa kwenye benchi, kando ya yule mama. Alichana karatasi ya daftari akaigeuza nyuma, upande usio na chapa. Akamwambia kwamba hajui anaumwa nini. Akamuuliza, kabla homa haijaanza, alikuwa wapi, na alikuwa akifanya nini.

Mama Holo alisema amekuja kupimwa, hakuja kuhojiwa. Alivuta kanga. Alitazama wenzake, akatazama lango, akatafuta mtu wa kumlalamikia, akamkosa. Nyamizi alingoja. Alikuwa na hamu ya kurudi ndani, kwenye kiti chake, kwenye giza dogo la lenzi ambako mtu anatazama bila kutazamwa.

"Nilikuwa zizini tu," alisema mama hatimaye, kwa uchovu. "Mbuzi wetu watatu walitupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Niliwavuta vitoto kwa mikono hii, maana wakwe zangu wanaona kinyaa."

Nyamizi hakujua maana yake ni nini. Aliandika: mbuzi watatu, mimba, mikono. Alikaa anayatazama maneno hayo. Kisha akauliza mbuzi hao walikuwa wa rangi gani, kwa sababu alikuwa bado hajajua ni swali lipi linalomponya mtu na ni lipi lisilomponya.